Dawa ya Sumu ya Nyoka katika Tiba ya Dharura: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Inyonga

Dawa ya kuzuia sumu ya nyoka ilitangazwa Paris mwaka 1894, lakini upatikanaji wake haukufuata kasi ya ugunduzi. Huko Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, wakulima wa tumbaku na warina asali hufanya kazi katika miombo wanamoishi kifutu na koboko. Dawa huagizwa kutoka nje, na ile ya majimaji huhitaji jokofu. Mwaka 2014, iliposhindwa kushindana na bidhaa za bei nafuu, kampuni ya Sanofi Pasteur iliacha kutengeneza Fav-Afrique. Akiba ya mwisho ilimaliza muda wake Juni 2016. Mwaka 2017 ndipo Shirika la Afya Duniani lilipoorodhesha madhara ya sumu hiyo miongoni mwa magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Kwa hiyo, uhaba huu umetokana na soko, wala si na upungufu wa maarifa.