Simba wa Tsavo na Adui Asiyenguruma

Leo tunazungumza juu ya afya na usalama kazini. Tutaanza na hadithi ambayo wengi wetu tuliisikia shuleni, hadithi ya simba wa Tsavo.

Mwaka wa 1898, reli iliyotoka Mombasa kuelekea Ziwa Victoria ilikuwa imefika mto Tsavo. Kuanzia Machi hadi Desemba, simba wawili waliwavamia wafanyakazi usiku na kuwatoa ndani ya mahema yao. Watu walitoroka na ujenzi wa daraja ukasimama kwa muda. Mwishowe John Henry Patterson, aliyesimamia daraja hilo, aliwapiga risasi wote wawili. Baadaye Patterson alidai kwamba simba hao walikula watu 135. Mwaka wa 2009, wanasayansi waliopima manyoya na mifupa yao walikadiria watu kama 35.

Sasa msikilizaji, sikiliza hesabu ya pili. Reli hiyo ilianza kujengwa 1896 ikafika Kisumu 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walikufa, na wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa au walemavu. Hata tukiikubali ile hesabu kubwa ya Patterson, simba hawakumaliza hata mmoja kati ya kumi ya waliokufa. Waliobaki waliuawa na nini? Malaria, kuhara damu na magonjwa mengine, pamoja na ajali za kazi. Lakini simba ndio wanaokumbukwa, kwa sababu simba hunguruma. Mbu na maji machafu havingurumi.

Miaka michache baadaye somo hilo lilirudiwa kwa uchungu zaidi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, serikali ya kikoloni iliwachukua wanaume wengi, wengine kwa nguvu, wabebe mizigo ya jeshi. Kikosi hicho cha wapagazi ndicho kilichotuachia jina Kariakor hapa Nairobi. Maelfu kwa maelfu hawakurudi nyumbani. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu, wakiwa wamechoshwa na mizigo, baridi na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea. Kazi yenyewe ndiyo iliyowaua.

Je, hakukuwa na mtu aliyejua kwamba kazi inaweza kuua polepole? Alikuwako. Huko Italia aliishi daktari aitwaye Bernardino Ramazzini. Siku moja mjini Modena alimwona mtu akizoa kinyesi katika shimo la choo kwa haraka kubwa. Alipomwuliza mbona anakimbizana hivyo, yule mtu alimweleza kwamba akikawia humo ndani macho yake yatawaka na kuharibika. Ramazzini alianza kwenda kwenye karakana na machimbo kuwatazama watu wakifanya kazi. Mwaka wa 1700 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja wanapomwona mgonjwa: unafanya kazi gani?

Wala hakuwatazama wachimba migodi peke yao. Aliandika kwamba makarani huumia kwa kukaa kutwa nzima, kwa kusogeza mkono kwa namna ile ile bila kupumzika, na kwa kuchosha akili. Msikilizaji wangu uliye mbele ya kompyuta, mtu huyo alikueleza habari zako zaidi ya miaka 300 iliyopita!

Hapa kwetu, sheria ya viwanda ilianza kutumika mwaka wa 1951. Ilihimiza mambo kama kuziba sehemu za mashine zinazoweza kukata mtu. Lakini jinsi lilivyo jina lake, iliangalia viwanda. Mwaka wa 1990 ilipanuliwa iguse mahali pengine pa kazi. Kisha mwaka wa 2007 zikaja sheria mbili mpya: moja ya usalama na afya kazini, na nyingine ya fidia kwa anayeumia kazini. Hiyo ya fidia ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019.

Sheria hizo zinasema nini? Mwajiri anatakiwa kulinganisha kazi, vifaa na mahali pa kazi na mwili wa mfanyakazi. Haruhusiwi kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumwumiza. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panatakiwa kuwa na kamati ya usalama na afya. Nawe mfanyakazi ukiona hatari kubwa, una wajibu wa kumwarifu msimamizi wako. Ukiumia, mwarifu mwajiri mara moja. Ikipita miezi 12 bila kuarifu, haki yako ya fidia inaweza kupotea.

Hata hivyo, sheria iliyo kabatini haizuii vumbi kuingia kifuani. Mfikirie kijana anayechonga mawe ya kujengea. Kila siku anavuta vumbi laini la mawe. Mwaka wa kwanza hasikii kitu. Miaka inapita, kikohozi kinaanza, anapungukiwa na pumzi akipanda mlima. Anakwenda kliniki, anapewa dawa ya kikohozi, anarudi machimboni. Ugonjwa huo wa vumbi unafanana sana na kifua kikuu, na tena unamfanya mtu apatwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Makovu yakishaingia kwenye mapafu hayaondoki. Dawa ya kweli ilikuwa ni kuzuia lile vumbi tangu mwanzo.

Basi tufanye nini? Kwanza, ukienda hospitali, mwambie daktari kazi unayofanya na umeifanya kwa miaka mingapi, hata kama hajakuuliza. Pili, mwagia maji jiwe kabla ya kulikata, na uvae barakoa inayozuia vumbi laini; leso haitoshi. Usirudi na nguo za kazi ukambebe mtoto nazo. Tatu, fundi wa kuchomelea, miwani ya jua haikingi macho yako. Tumia ngao ya kuchomelea. Nne, unapoinua gunia, kunja magoti, mgongo uwe wima, na mzigo uwe karibu na mwili. Likiwa zito, omba mwenzako akusaidie. Tano, wewe wa cherehani au kompyuta, tafuta kiti kinachoegemeza mgongo, miguu ikanyage chini, na usimame kujinyoosha mara kwa mara.

Kwa mwajiri anayenisikiliza: kumnunulia mfanyakazi glavu na barakoa si hisani. Na fundi wako mzoefu akilala kitandani, kazi yako nayo imelala.

Mpendwa msikilizaji, leo jioni ukifika nyumbani, mwulize mwenzako, mzazi wako au kijana wako swali la Ramazzini: unafanya kazi gani, na inakuachaje mwilini? Msikilize vizuri, maana simba wa siku hizi hangurumi.

Kinga ni bora kuliko tiba. Hadi kipindi kijacho, kwaheri, na ufanye kazi salama.