Ntemi, Sultani, Chifu: Cheo Kimoja au Vitatu?

Katika vitabu vyetu vya ngano, ntemi wa Kisukuma karibu kila mara hugeuzwa kuwa "mfalme". Msomaji hupita hapo bila kujikwaa, kwani mfalme ni mfalme tu, eti tofauti iko wapi? Makala hii inajaribu kuonyesha kwamba tofauti ipo, tena kubwa. Mhakiki asiyejua historia ya cheo hiki atasoma ngano moja huku akidhani anasoma nyingine.

Tuanze na neno lenyewe. Ntemi (wingi batemi) linatokana na kitenzi kutema, yaani kukata. Kiswahili nacho kinalo: tunasema kutema kuni. Kuhusu kilichokatwa kuna maelezo mawili. La kwanza ni la msitu: ntemi wa kwanza ni yule aliyetangulia kufyeka pori, watu wakafuata kujenga na kulima. La pili ni la shauri: ntemi ni mwenye kukata maneno watu wanapogombana. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Waingereza, alitoa kitabu kizima juu ya cheo hiki mwaka 1951. Kwa maoni yangu hatulazimiki kuchagua. Maelezo yote mawili yanakubaliana katika jambo moja: cheo kimetoka kwenye kazi. Mtu huitwa ntemi kwa sababu ametema.

Neno hili halikuwa la Wasukuma peke yao. Lilienea kwa Wanyamwezi, Wakimbu, hadi kwa Wagogo. Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa mtemi. Na katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu, kila utemi ulikuwa na wake: Ntuzu, ambako ndiko Bariadi iliko, Itilima, Kanadi na kadhalika. Hakukuwa na ntemi mmoja wa Wasukuma wote. Hapo neno "mfalme" linaanza kupwaya.

Linapwaya zaidi tukitazama ntemi alivyopatikana. Wateuzi walikuwa banang'oma, wazee wa ikulu, na katika temi nyingi za zamani urithi ulipita upande wa mama, mpwa akamrithi mjomba. Mvua na mbegu vilikuwa juu yake, hivyo ukame mrefu ungeweza kumwondoa. Halafu tazama sarufi: kiambishi n- cha ntemi kinamtaja mtu tu, hakisemi mwanamume wala mwanamke. Kiingereza hapo kinahitaji maneno mawili, king na queen.

Sasa wakaja wageni. Wajerumani, waliofuata njia za misafara kutoka pwani, waliwaita watawala wa bara "Sultan". Hilo ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni mamlaka. Waingereza wakaleta "chief", nasi tukatohoa chifu. Neno hili lina safari ndefu. Lilianzia kwenye Kilatini caput, yaani kichwa, likapitia Kifaransa, chef, ndipo likafika Uingereza. Kwa Wajerumani Chef ni bosi wa ofisini, kwa Wahispania jefe ni mkubwa yeyote, na mpishi mkuu wa hotelini ni wa ukoo huohuo. Hata kapteni ametoka kwenye kichwa hichohicho. Basi Ulaya ilipochagua jina la kiongozi ilitazama mwili: nani yuko juu? Msukuma alitazama mkono: nani amekata?

Wengine watasema huu ni mchezo wa maneno. Lakini tafsiri hii ilikuwa na sheria nyuma yake. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ilimfanya ntemi kuwa ngazi ya serikali, akawa analipwa mshahara badala ya kupokea kodi za kimila. Ilipofika miaka ya 1940 na 1950, yeye ndiye aliyetekeleza amri za kupunguza mifugo na kanuni za kilimo zilizochukiwa na wakulima. Alikuwa ameshakuwa kichwa kweli, lakini kichwa cha mwili wa mwingine. Kwa hiyo vyeo vya machifu vilipofutwa kwa sheria mwaka 1963, chini ya Mwalimu Nyerere ambaye mwenyewe alikuwa mwana wa chifu wa Wazanaki, kilichofutwa ni chifu. Ntemi alikuwa ameanza kupotea zamani.

Turudi kwenye fasihi. Wasukuma wana ngano ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Zimwi linameza watu wote na mifugo yao, anabaki mama mmoja mwenye mimba. Mtoto anakua, analiua zimwi, analipasua tumbo, na watu wanatoka wazima. Katika kupasua huko anamkata bikizee mmoja sikio. Bikizee anakasirika, anataka kumdhuru, mpaka kijana anapolitibu lile jeraha. Mwishowe watu wanamfanya ntemi.

Ukitafsiri "akawa mfalme", umepata mwisho wa kawaida wa ngano: shujaa kapewa zawadi. Ukiacha "akawa ntemi", ngano nzima inajifunua. Hata kama msimuliaji hatumii kitenzi hichohicho, kijana amekata, na kwa kukata ameanzisha jamii upya, kama yule aliyefyeka pori. Lile sikio nalo si kichekesho cha kupitisha muda. Anayekata huumiza, na watu hawampi cheo mpaka aponye alichokiumiza. Hiyo ni nadharia ya uongozi, na imefichwa ndani ya jina.

Historia ina kejeli zake. Ikulu, neno la maskani ya ntemi, limepanda hadi kuwa makao ya Rais wa Jamhuri. Lakini Septemba 2021, machifu walipomsimika Rais Samia Suluhu Hassan huko Kisesa, Magu, taifa lilimpokea kwa jina la Chifu Hangaya. Hangaya ni Kisukuma, nyota ing'aayo. Cheo kilichotangulia jina hilo ndicho kilikuwa cha kigeni. Nyumba tumeipa heshima yake, mwenye nyumba bado tunamwita kwa jina la Kilatini.

Wito wangu kwa wanaokusanya na kutafsiri ngano za Kanda ya Ziwa ni mdogo: andikeni ntemi, mwacheni msomaji aulize maana yake.