Kifua Kikuu na Ujirani Katika Bonde la Kilombero

Mkulima wa Idete mara nyingi hana makao mamoja. Msimu wa mpunga ufikapo, yeye na jamaa zake huhamia shambani, wakakaa dunguni kwa miezi kadhaa wakiwinga ndege na nguruwe hata mavuno yaishe. Desturi hii ya watu wa bonde la Kilombero ni ya kale. Kwa mgonjwa wa kifua kikuu, hata hivyo, ilikuwa mtihani, kwani ugonjwa huu hautibiwi kwa siku tatu. Zamani tiba yake ilichukua mwaka mzima au zaidi. Siku hizi, kwa kawaida, ni miezi sita.

Vijidudu vyake viligunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, na dawa ya streptomisini ikapatikana mwaka 1943. Nchi yetu ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma mwaka 1977. Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia, alishirikiana na waganga wetu kuunda utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza katika miaka ya 1990: kupima makohozi, kutoa dawa za mchanganyiko, na kumwangalia mgonjwa anapozimeza. Twalitaja jambo hili kwa fahari, maana vijana wengi hudhani kwamba elimu yote ya tiba hutoka ng'ambo.

Lakini nani atamwangalia mgonjwa aliye dunguni? Mito ishukayo kutoka milima ya Udzungwa ikifurika, njia hukatika, na mpunga nao haungoji. Apatapo nafuu mwezi wa pili, hujiona amepona, akaacha dawa. Vijidudu vilivyosalia huinuka tena, pengine vikiwa sugu.

Wilayani Kilombero watafiti walilinganisha wagonjwa waliomeza dawa mbele ya mhudumu wa kituo na wale waliosimamiwa kijijini mwao. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003, hayakuonyesha tofauti kubwa ya kupona. Mwaka 2006 nchi ikaanza kumpa mgonjwa hiari ya kutibiwa nyumbani, akisimamiwa na ndugu au rafiki.

Hiari hiyo hudai ujasiri. Ili apate msimamizi, mgonjwa hana budi kuutaja ugonjwa wake mbele ya watu ambao huenda wakamtengea kikombe na sahani. Sisi twaona hofu yao imeelekezwa pasipo pake: ameze dawa zimfaazo, na baada ya majuma machache kwa kawaida haambukizi tena. Anayewaambukiza watoto walalao naye dunguni ni yule afichaye kikohozi chake.