Mnyama wa Karagwe, Jina la Speke

Kabanga ya leo, katika nchi ya Bugufi kaskazini-magharibi mwa Tanzania, inajulikana kwa nikeli. Ukitoka hapo ukaelekea mashariki, unaingia katika nchi iliyokuwa himaya ya Usui, ambayo sasa kwa sehemu kubwa ni Biharamulo. Huko ndiko mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walikokwama mikononi mwa mtawala Suwarora. Walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile; Suwarora alikuwa akitafuta hongo. Vitambaa na nyaya za shaba vilitoka mizigoni siku baada ya siku, na Speke alilalamika sana. Malalamiko hayo yasomwe kwa tahadhari: kupita katika nchi ya mtu bila kumlipa haikuwa desturi ya huku.

Novemba mwaka huohuo msafara uliingia Karagwe kwa mtawala Rumanyika. Huyu aliwapokea kama wageni hasa. Karibu na makao yake kulikuwa na ziwa dogo, na katika mafunjo yake aliishi swala ambaye wazungu hawakuwa wamemwandika bado. Wenyeji walimwita nzohe. Kwato zake ni ndefu na hutanuka anapokanyaga, hivyo hazami kwenye tope linalomshinda mnyama mwingine. Akiwindwa hujitosa majini, akabakiza pua tu juu. Dume ana pembe zilizojisokota. Jike hana, na rangi yake ni nyekundu zaidi.

Speke aliandika jina hilo kama alivyolisikia, akarudi nalo Uingereza. Huko Philip Sclater, katibu wa jumuiya ya wanazuolojia ya London, aliamua kumpa mnyama huyo jina la Kilatini kwa heshima ya msafiri: Tragelaphus spekii. Ndipo mambo yalipogeuka. Kitabu cha safari cha Speke kilitoka Desemba 1863, na ndani yake, katika maelezo ya chini ya ukurasa, jina hilo lilikuwa tayari limechapwa. Maelezo ya Sclater mwenyewe yalichapwa 1864. Kanuni ya wanasayansi humpa sifa aliyetangulia kuchapisha, si aliyetangulia kuwaza. Kwa hiyo leo orodha za wanyama huandika Tragelaphus spekii Speke, 1863, kana kwamba mtu huyo alimpa mnyama jina lake mwenyewe. Vitabu vya zamani vinamtaja Sclater, na vingine vinaandika spekei. Speke hakuishi kuuona mzozo huo. Aliuawa na bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na msafiri Richard Burton mjini Bath.

Utaratibu huu wa kuandika jina la ukoo la aliyechapisha baada ya jina la mnyama ulikuwa umeshakomaa Ulaya. Punda milia wa mbuga zetu ameandikwa Equus quagga Boddaert, 1785, na Pieter Boddaert alikuwa tabibu wa Uholanzi. Wachache wanaomtazama punda milia huyo wamewahi kumsikia.

Grant alibaki Karagwe kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mguu uliooza, wakati Speke akienda Buganda. Naye alipata swala wake: 1872 mwanazuolojia Victor Brooke alimwita granti. Hapa Kiswahili kilifanya jambo la ajabu kidogo, maana waongozaji wa watalii husema kabisa swala granti, kama wanavyosema swala tomi kwa yule aliyepewa jina la msafiri Joseph Thomson. Nzohe hakuguswa. Hakuna aliyewahi kumwita swala speki, ingawa jina la Speke limemfuata rasmi kwa zaidi ya karne moja na nusu.

Naye Rumanyika, mwenye ziwa na mafunjo? Sayansi haikumpa mnyama. Jina lake lilibaki katika pori la akiba, na 2019 Tanzania ililipandisha hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe.