Ugonjwa Mmoja, Miili Mbalimbali

Wahenga walisema kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Neno hili lafaa kuwa mlango wa habari ninayotaka kukusimulia, msomaji, kwa maana ni habari ya maradhi ambayo kwa mtu mmoja huwa maji ya kifuu, na kwa mwingine huwa bahari. Bila shaka umepata kuliona jambo hili nyumbani kwenu. Homa ya mafua huingia siku moja, ikawapata watu watano walalao chini ya paa moja na kula katika sinia moja. Wanne hupiga chafya siku mbili tatu, kisha wakarudi kwenye shughuli zao; wa tano hulala kitandani juma zima akitweta. Virusi ni vile vile. Mbona hukumu si moja? Swali hili limewasumbua wanadamu kwa muda mrefu, na mara nyingi wamelijibu kwa haraka na kwa makosa: ama kwa kumlaumu mgonjwa, ama kwa kumsingizia jirani. Hebu tufuate njia ambayo elimu imepita kwa zaidi ya miaka mia moja ikitafuta jawabu lililo bora.

Twende kwanza katika mwaka 1918. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikielekea ukingoni wakati homa kali ya mafua ilipoenea duniani. Pwani yetu haikusalimika. Ugonjwa uliingia Mombasa kwa meli mnamo mwezi wa Septemba 1918, kisha ukafuata njia ya reli hadi bara. Wataalamu hukadiria kwamba katika miaka ya 1918 na 1919 theluthi moja ya watu wote wa dunia waliambukizwa, na watu wasiopungua milioni 50 walikufa.

Mambo mawili yaliwashangaza matabibu wa siku zile. La kwanza ni umri wa waliokufa. Mafua ya kawaida huwaonea watoto wachanga na wazee, lakini yale ya 1918 yaliwaangusha pia vijana wenye nguvu, wa miaka baina ya 20 na 40. La pili ni hali ya wanawake wajawazito. Mwaka 1919 daktari mmoja wa Marekani, J. W. Harris, alikusanya habari za wajawazito 1,350 waliopatwa na homa ile, akaona kwamba zaidi ya robo yao walikufa. Kitu gani kilichomo katika mwili wa mama mwenye mimba kiliufanya ugonjwa uwe mzito kiasi hicho? Hapakuwa na mtu aliyeweza kueleza. Hata chanzo chenyewe cha homa kilikuwa bado hakijajulikana, na wengi walidhani ni bakteria.

Pazia lilianza kufunuka mwaka 1933. Katika maabara ya Mill Hill huko London, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji ambayo wagonjwa wa mafua walisukutulia koo, wakayachuja hata bakteria wasiweze kupita, kisha wakawatia puani wanyama wadogo wafananao na kicheche. Wanyama wale wakaanza kupiga chafya na kushikwa na homa. Hivyo ikabainika kwamba mafua ya binadamu huletwa na virusi, vitu vidogo mno kuliko bakteria. Adui alikuwa amekwisha kujulikana. Lakini kumjua adui si kuijua ngome anayoishambulia, na ngome hiyo ni mwili wa mtu.

Mwili huendeshwa, pamoja na mengine, na homoni. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1905, nalo lilitolewa na Ernest Starling wa London. Homoni ni vitu vinavyotengenezwa kwa kiasi kidogo sana na tezi za mwili, kisha damu ikavichukua hadi mahali pa mbali vikatoa amri: kua, pumzika, jiandae kuzaa. Wewe uliye katika umri wa kubalehe unaijua kazi yake, maana ndizo zinazobadili sauti na umbo lako. Lakini homoni hazitoi amri kwa sauti na umbo tu. Huzungumza pia na askari wa kinga walio katika damu. Kwa jumla, estrojeni, ambayo wanawake huwa nayo kwa wingi, huwachangamsha askari hao. Testosteroni, ambayo wanaume huwa nayo kwa wingi, huelekea kuwatuliza.

Sasa tunaweza kumrudia yule mama mjamzito wa 1918. Mtoto aliye tumboni amerithi nusu ya asili yake kwa baba, na kwa sababu hiyo ni mgeni katika mwili wa mama. Ili mgeni huyo asifukuzwe, homoni za mimba, kama vile projesteroni, hubadilisha mwenendo wa kinga. Si kwamba kinga hulala; hubadili namna yake ya kupigana. Zaidi ya hayo, tumbo linapokua mapafu hukosa nafasi ya kutanuka vyema, na moyo huongezewa kazi. Mafua yakiingia wakati huo, huikuta nyumba yenye shughuli nyingi. Jambo lilo hilo lilionekana tena mwaka 2009, mafua mapya yalipoenea duniani. Nchini Marekani wajawazito walikuwa kama mmoja tu katika kila watu 100, lakini kati ya kila watu 100 waliokufa kwa mafua hayo, watano walikuwa wajawazito. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba katika chanjo ya mafua wajawazito watangulizwe mbele ya wengine.

Homoni hueleza sehemu ya fumbo. Sehemu nyingine imo katika urithi. Hapa nchi yetu ina nafasi yake ya heshima katika historia. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hii. Aliona kwamba chembe ya urithi iletayo ugonjwa wa selimundu ilikuwa kwa watu wengi wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ilikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Akatambua kwamba ramani hiyo inafanana na ramani ya malaria. Mwaka 1954 alieleza kwamba mtu aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Malaria si maradhi ya mapafu, lakini somo lilikuwa kubwa: chembe za urithi, ambazo leo huitwa jeni, zaweza kumfanya mtu awe imara au dhaifu mbele ya ugonjwa wa kuambukiza.

Miaka mitatu baadaye, yaani 1957, maabara ile ile ya Mill Hill ilipata ugunduzi mwingine. Alick Isaacs, Mwingereza, na Jean Lindenmann, Mswisi, waligundua kwamba seli zilizoguswa na virusi vya mafua hutoa kitu kinachozilinda seli nyingine. Wakakiita intaferoni. Unajua kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Basi intaferoni ndiyo mbiu ya mwili. Seli iliyovamiwa huipiga, na seli za jirani zikiisikia hufunga milango na kushika silaha kabla adui hajawafikia.

Ikiwa usalama hutegemea mbiu, itakuwaje kwa mtu ambaye mbiu yake imevunjika? Jawabu lilipatikana kwa mtoto mmoja wa kike wa Ufaransa, mwenye umri wa miaka miwili na nusu, ambaye mwaka 2011 nusura auawe na mafua. Wataalamu walichunguza jeni zake, na mwaka 2015 wakatangaza kwamba alirithi kasoro katika jeni iitwayo IRF7, moja kwa baba na nyingine kwa mama. Kila mzazi alikuwa na nakala moja nzima, kwa hiyo alikuwa na siha njema. Mtoto hakuwa na nakala nzima hata moja, na mwili wake haukuweza kutoa intaferoni ya kutosha. Hakukuwa na uzembe wa mama wala ubaya wa mtu yeyote, mbiu haikulia.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Katika nchi nyingi ilionekana upesi kwamba wanaume walikufa zaidi ya wanawake. Mwaka 2020 wataalamu wa Uholanzi walieleza habari za jozi mbili za ndugu wa kiume, vijana chini ya miaka 35, waliougua vibaya mno. Wote wanne walikuwa na kasoro katika jeni ya TLR7, ambayo kazi yake ni kuitambua dalili ya virusi ili mbiu ipigwe. Jeni hiyo imo katika kromosomu X. Mwanamke ana kromosomu X mbili. Ikiharibika moja, ya pili yaweza kumsaidia. Mwanamume anayo moja tu. Mwaka uo huo ilitangazwa kwamba katika wagonjwa 987 wa korona kali, 101 walikuwa na kingamwili zilizokosea njia, zikaishambulia intaferoni yao wenyewe. Na zaidi ya tisa katika kila kumi wa hao walikuwa wanaume.

Mwaka huo huo Hugo Zeberg na Svante Pääbo walionyesha kwamba kipande fulani cha kromosomu ya tatu, kinachoongeza hatari ya korona kali, kilirithiwa kwa Neanderthal, watu wa kale waliotoweka yapata miaka 40,000 iliyopita. Kipande hicho kinapatikana kwa karibu nusu ya watu wa Asia ya Kusini, na kwa kama mtu mmoja katika kila sita wa Ulaya. Katika Afrika ni adimu sana.

Lakini simama hapa kidogo, msomaji, usije ukajivuna. Mwanzoni mwa 2020 palizagaa uvumi, hata hapa kwetu, kwamba korona haiwashiki watu weusi. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa, naye alikuwa Mkenya. Baadaye tulizika wengi. Kukosa kipande kimoja cha urithi hakukuwa ngao. Vivyo hivyo kwa homoni: baadhi ya matabibu walitumaini kwamba wakiipunguza testosteroni kwa wagonjwa wanaume watawaokoa, lakini jaribio lililofanywa Marekani halikuonyesha faida. Na katika mwaka 1918, wanaume wa Marekani walipokufa zaidi ya wanawake, sababu moja inayotajwa na wanahistoria ni kwamba wengi wao walikuwa na kifua kikuu tayari. Urithi na homoni huweka mzigo katika mizani, lakini si mzigo pekee. Umri, maradhi ya zamani, chakula, moshi wa jikoni, chanjo, na umbali wa kufika hospitali vyote huwekwa humo.

Basi elimu hii ina faida gani kwako? Ina faida ya tiba, kwa maana daktari akijua kwamba mbiu ya mtu imevunjika aweza kumkinga mapema. Lakini ina faida nyingine iliyo karibu nawe zaidi. Siku homa itakapoingia nyumbani, ukawa wewe ni mmoja wa wale wanne wanaochafya na kupona, usimwambie wa tano kwamba anajidekeza, wala usimtafutie mchawi. Mfunikie kikohozi chako, mpeleke kwa daktari mapema, na ikiwa ni mjamzito usingoje hata siku moja. Huenda yeye amerithi kifuu ambacho hukukiona, na kilicho maji kidogo kwako kikawa kwake bahari. Mwenye kuvuka kwa urahisi ndiye apasaye kumshika mkono mwenziwe.