Injini Nayo Hupaliwa (Sehemu ya 4)

Juzi tuliongea mtoto kupaliwa na maziwa. Dada mmoja wa hapa Busunzu akauliza, hivi mashine nayo inaweza kupaliwa? Inaweza, na imeshaua mtu.

Tuanze karibu na kwetu. Uganda ya Idi Amin ilikuwa na ndege za kivita aina ya MiG-21; kadhaa ziliteketezwa na makomando wa Israeli pale Entebbe, Julai 1976. Jeshi letu nalo limewahi kurusha ndege za ukoo huo. Tafuta picha yake uitazame puani: kuna tundu kubwa, katikati koni. Siyo urembo ule. Ndege inakimbia kuliko sauti, lakini injini yake haiwezi kumeza hewa inayoingia kwa kasi hiyo. Koni ndiyo inaituliza hewa kwanza, ikisogea mbele na nyuma kadiri mwendo unavyobadilika.

Utulivu huo ukivurugika, hewa hutapikwa ilikotoka. Kishindo! Kwa ndege yenye injini pande zote mbili, upande mmoja unakosa nguvu, mwingine bado unasukuma, ndege inapinda ghafla.

Tarehe 25 Januari 1966, huko Marekani, Bill Weaver na Jim Zwayer walikuwa wakiijaribu SR-71. Kimo, mita 24,000 hivi. Kasi, zaidi ya mara tatu ya sauti. Wakiwa wanakata kona kulia, injini ya kulia ikapaliwa. Weaver akajaribu kumwambia mwenzake wavumilie wasiruke kwanza, lakini ndege ikasambaratika wakiwa ndani. Hakubonyeza kitu chochote. Alichomolewa tu, kiti kikabaki.

Hapa naongea kama nesi. Kwenye kimo hicho, bila kinga, maji ya mwilini huanza kuchemka kwa joto lile lile la mwili. Kilichomwokoa Weaver ni suti yake iliyojaa hewa, pamoja na oksijeni yake. Alizimia, mwavuli ukafunguka wenyewe, akatua hai kwenye shamba la mifugo huko New Mexico. Zwayer alivunjika shingo. Wiki mbili baadaye Weaver alikuwa angani tena. Jamani!

Concorde ya abiria ilikuwa na hatari yake: injini zilikaa mbili mbili kila bawa, kama mapacha kitanda kimoja. Moja ikipaliwa kwenye kasi kubwa, hewa iliyovurugika humpalia na jirani. Januari 1971 ile ya majaribio ilipatwa hivyo, hadi kibao cha mlango wa hewa kikang'oka. Marubani waliishusha salama. Ilipoanza kubeba abiria, Januari 1976, vibao vile vilikuwa vinaendeshwa na kompyuta, maana mkono wa rubani, hata awe hodari vipi, hauwahi.