Kwa Nini Wareno Walituachia Meza Bila Soseji

Jioni mjini Ruangwa, soseji hukaangwa katika karai lile lile la chipsi, ikawekwa sahanini pamoja na kachumbari. Jina lake limetoka katika Kiingereza, na hapo ndipo ninaposhangaa. Kireno kilisikika katika pwani yetu ya kusini karne kadhaa kabla ya Kiingereza, nacho kililetwa na watu wenye soseji yao mashuhuri iitwayo chouriço. Mbona basi walituachia meza, wasituachie chakula hicho cha kuweka juu yake?

Tuanzie kisiwani. Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 akautoza mji kodi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka, na Wareno wakajenga ngome, wakaihama mwaka 1512. Ngome ya Waomani iliyosimama baadaye mahali hapo inaitwa Gereza hadi leo. Neno hilo latokana na igreja, yaani kanisa. Kwetu likawa ngome, kisha likawa nyumba ya wafungwa. Kiswahili hakikupokea neno hilo kama mtumwa apokeavyo amri. Kililipa kazi nyingine.

Ndivyo yalivyoingia mengine. Mesa ikawa meza, copo ikawa kopo, caixa ikawa kasha, lenço ikawa leso, fronha ikawa foronya. Ananás ikawa nanasi. Vinho ilipata m mwanzoni, na nh yake ikaandikwa ny kwa matamshi yetu: mvinyo. Wenye kutunga hawana haja ya kuomba radhi wanapotia kina kwa maneno haya. Yameshakuwa yetu.

Chouriço hutengenezwa kwa nyama na mafuta ya nguruwe, chumvi, kitunguu saumu, pilipili nyekundu iliyosagwa, na mara nyingi mvinyo. Huchanganywa, hushindiliwa katika utumbo, kisha hukaushwa kwa moshi. Kimatamshi, neno lake lisingetushinda. Lingekuwa choriso, na mshairi angelipanga kwenye kina kimoja na leso. Kizuizi kilikuwa katika nyama yenyewe, kwa kuwa mji wa Waislamu haukuwa na nafasi ya nguruwe jikoni.

Lakini jibu hilo peke yake halitoshi, kwa maana mvinyo nao ni haramu na jina lake limedumu. Naona tofauti ni hii: mvinyo ulipita bandarini kama bidhaa, ukatajwa na asiyeunywa. Soseji ilikuwa kazi ya jiko la mtu, na jirani asiyeila hakuwa na sababu ya kuitaja. Tena pwani ilikwisha kuwa na njia zake za kuhifadhi kitoweo: papa wa chumvi na ng'onda.

Ushahidi mwingine uko Unguja. Katika karne ya 19 walikuja Wagoa, Wakatoliki kutoka Goa iliyotawaliwa na Wareno tangu 1510 hadi 1961. Walikuwa makarani, washonaji, wapishi na wanamuziki. Kwao Goa chouriço ilikwisha kubadilika, ikatiwa siki na viungo vya Kihindi. Hata hivyo, soseji hiyo ilibaki chakula cha Wagoa. Haikuingia katika mapishi ya mji wala katika Kiswahili. Soseji ya Kiingereza ilifanikiwa baadaye kwa sababu jina lake lilitaja umbo na kuiacha nyama wazi: yaweza kuwa ya ng'ombe, yaweza kuwa ya kuku.

Sasa turudi Ruangwa, mbali na ngome zote hizo, maana Ureno wa jikoni uko huku shambani. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili, na jina lake la pili, mkanju, ni caju yao. Muhogo nao ulitoka Amerika kwa merikebu zao, ila jina lao, mandioca, hatukulichukua. Pilipili ndogo kali asili yake ni Amerika vilevile, lakini hapa neno lilirudi kinyume: Wareno walilichukua letu, wakaita piri-piri. Mmea huvuka bahari kwa mbegu, nao haumuulizi mkulima dini yake. Soseji huvuka na mpishi wake tu.

Kireno kilisikika tena jirani yetu, Nachingwea, miaka ya 1960, wapiganaji wa FRELIMO walipopata mafunzo huko na kukitumia kama lugha ya kuunganisha makabila yao dhidi ya mtawala yule yule aliyekileta. Kama Wakilwa walivyoligeuza kanisa likawa gereza, nao waliigeuza lugha ya bwana ikawa silaha.

Kwa hiyo siwalaumu wanaosema Wareno walituachia magofu tu, ila nawaomba watazame upya. Msimu wa korosho unapoanza, mkulima wa Ruangwa huokota kanju chini ya mti, huku muhogo ukichemka nyumbani. Hajawahi kuonja chouriço, wala haimpungukii kitu. Mshairi atakayeandika juu ya karne zile na aanze hapo, kwenye majina yaliyoanguka chini ya mti, kabla hajaenda Kilwa kutazama kuta.